Ngatia na Nusu ya Chini ya Dunia

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, Ngatia wa Mukurweini alikuwa akinyoa ndevu pale povu la sabuni lilipomwingia jicho la kushoto. Akalifumba. Kwa jicho la kulia lililobaki akaona nywele zake, ambazo si nyingi, akaona paji la uso, akaona nyusi. Kuanzia puani kwenda chini hakukuwa na mtu. Si kwamba palikuwa na giza. Palikuwa na kitu cha rangi ya maji yaliyooshewa sufuria, na humo ndani kidevu cha Ngatia kilikuwa kimepotea pamoja na wembe.

Akakifuta kioo kwa taulo. Kidevu hakikurudi. Siku hiyohiyo akashuka sokoni akanunua kioo kipya.

Ngatia alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa mizani katika chama cha wakulima wa maziwa, kazi iliyomfundisha kutoamini macho ya mtu yeyote isipokuwa yake. Alipostaafu akajikuta anajulikana kwa kazi nyingine kabisa, ile ya Jumamosi: kukata mbuzi kwenye ngurario. Hiyo ndiyo siku ya kuikamilisha ndoa kwa desturi ya Wakikuyu. Mbuzi wanachomwa, bwana harusi anakabidhiwa kisu akate kiungo cha bega mbele ya watu wote, halafu nyama inagawanywa, kila aliyestahili apewe kipande chake. Mabwana harusi wa siku hizi hufanya kazi kwenye kompyuta na hawajui bega la mbuzi linaanzia wapi. Kwa hiyo pembeni yao husimama mzee anayejua, amwelekeze kijana, kisha achukue kisu na kugawa kilichobaki kabla harusi haijageuka kuwa upasuaji.

Kugawa ndiko kwenye hatari. Masikio ni ya wasichana wa nyumbani, wapate kusikia wanapotumwa. Mbavu zina wenyewe, figo zina wenyewe. Kumpa mtu kipande kisicho chake hakuhesabiwi kuwa kosa la jikoni. Huhesabiwa kuwa maneno, na kuna koo ambazo hazijasalimiana tangu enzi za redio za betri kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Ngatia hakuwahi kukosea. Alikuwa na mtindo wake: hufumba jicho la kushoto, kama seremala anayekagua ubao, halafu hushusha kisu mara moja tu, na kiungo huachia bila kelele. Watu walikuwa wakitoa simu zao kumrekodi. Naye, kwa kuwa binadamu, alikuwa anajua anarekodiwa.

Jumamosi ya wiki ileile ya kioo, alikuwa na kazi Murang'a.

Upande wa bibi harusi uliongozwa na baba yake, Mutahi, mwalimu mkuu mstaafu. Mambo yote yalikuwa yamekubaliwa isipokuwa moja. Mutahi alitaka harusi ifungwe kanisani kwake. Upande wa kijana ulikuwa umeshaandikisha tarehe kanisani kwao. Walikaa vikao vitano. Katika kila kikao Mutahi aliwasikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akawashukuru, akarudia sentensi yake ileile ya mwanzo. Nyuma ya Mutahi alikaa Kinuthia, mkataji wa mbuzi wa upande wa Murang'a, mwembamba, mwenye maelezo mengi, ambaye kwa miaka kumi alikuwa amehudhuria kazi za Ngatia akisubiri akosee.

Bega lilikwenda salama. Mkono wa Ngatia uliyajua mabega ya mbuzi kuliko ulivyoijua mifuko ya suruali yake. Halafu ukafika wakati wa sahani. Zilikuwa zimepangwa mezani chini ya kifua chake, simu zilikuwa juu, na Ngatia, kwa mazoea, akafumba jicho la kushoto.

Akaliona hema. Akaziona kofia za wazee. Akamwona Mutahi vizuri ajabu, mpaka kalamu mbili mfukoni mwa koti. Mbuzi hakumwona. Meza haikuwepo. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imekwenda mahali pasipojulikana na kisu.

Mtu mwingine angefungua jicho la pili. Ngatia alikuwa mbele ya simu ishirini. Akapapasa, akashika sahani aliyoamini ni ya mbavu, akaiinua, akavuka uwanja kwa heshima zote na kuiweka mbele ya Mutahi na wazee wake. Halafu akafungua jicho.

Masikio mawili yalikuwa yamesimama wima katikati ya sahani, yakiwaelekea wazee wa Murang'a.

Simu ishirini zikaigeukia sahani. Hata mama aliyekuwa akigawa soda alisimama na kifungulio mkononi. Kusema "nimekosea" ni neno moja tu, na Ngatia alikuwa nalo tayari mdomoni. Lakini Kinuthia alimtangulia. Kinuthia alikuwa amesubiri kosa kwa muda mrefu kiasi kwamba lilipokuja hakulitambua. Aliyatazama masikio, akamtazama Ngatia, akainama kwa Mutahi na kusema kwa sauti iliyofika nyuma kabisa:

"Mwalimu, tumeambiwa."

Mutahi akachukua sikio moja. Sikio la mbuzi ni gegedu na ngozi, halimalizwi haraka, na linampa mtu muda mrefu wa kufikiri. Alilitafuna akiangalia mbele. Mwishowe akafuta mdomo na kusema, "Tumesikia." Harusi ikahamia kanisa la kijana, wanawake wakapiga vigelegele, na wasichana wa nyumbani, waliopewa mbavu kimakosa, hawakulalamika hata mmoja.

Baada ya hapo hakukuwa na njia ya kurudi. Video ilizunguka kutoka Murang'a mpaka Nanyuki. Wakamwita Ngatia wa Masikio. Simu yake, ambayo zamani ililia kwa habari za mazishi tu, sasa ililia kabla ya chai. Watu hawakuwa wakitafuta mkataji tena, walikuwa wakitafuta mjumbe. Mtu wa Othaya alitaka kujua ni kipande gani kingemwambia shemeji yake arudishe wilbaro. Mwingine alikuwa na ujumbe kwa mama mkwe na alikuwa anafikiria matumbo. Huyo, Ngatia alimkatalia kwa sababu za usalama. Kila Jumamosi alikuwa hemani, na katika kila hema alikula, maana mkataji huonja. Shingo yake, ambayo haikuwahi kuwa nyembamba, ilifika mahali ambapo kifungo cha juu cha shati kilikuwa pambo tu.

Alikuwa pia akisinzia. Alisinzia kanisani wakati wa matangazo, alisinzia kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha maziwa, na siku moja alisinzia ameshika kikombe cha chai, na kikombe hakikumwagika, jambo alilolitaja baadaye kama ushahidi kwamba hakuwa amelala. Uchovu wa kazi, alisema. Kuhusu kukoroma, hapakuwa na la kusema, kwa sababu Ngatia hakoromi. Ni kweli mke wake, Wachuka, alihamia chumba cha binti yao Anita mwaka ule Anita alipoolewa, lakini hilo lilikuwa kwa ajili ya jua la asubuhi, ambalo upande ule linaingia vizuri. Ni kweli pia kwamba jirani yao alijua saa bila saa. Lakini majirani husema mengi.

Wachuka alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto mpaka alipostaafu, na hakuwa mtu wa kuharakisha maneno. Kwa wiki sita alimwangalia mumewe akipiga teke chombo cha maji ya kuku kila asubuhi, chombo kilichokuwa mahali palepale kwa miaka minane, upande wa kulia wa mlango. Alimwona akikosa ngazi ya mwisho ya veranda na kuilaumu ngazi. Asubuhi moja alikaa akamtazama anamimina chai polepole, kwa uangalifu mkubwa, pembeni ya kikombe.

"Baba Anita," akasema, "hiyo chai unamwekea nani?"

Ngatia akaeleza kwamba vikombe vya siku hizi vimekuwa vidogo. Wachuka akainuka, akasimama mbele yake, akaliziba jicho lake la kushoto kwa kiganja. Akamwuliza anaona nini. Akasema anaona kilemba chake. Na chini ya kilemba? Ngatia alifikiria kwa muda, maana swali hilo mume hapaswi kulikosa.

"Hapo chini hakuna kitu," akakubali.

Kesho yake walikuwa Nyeri mjini, kwenye benchi la kliniki ya macho.

Aliyewapokea aliitwa Hanan, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa mjini hapohapo, jirani na msikiti, mwenye hijabu ya kijivu na tochi ndogo kwenye mfuko wa koti jeupe. Hakuwa daktari, alikuwa afisa wa kliniki wa macho, lakini kwa watu wa Mukurweini yeyote anayemulika jicho ni daktari. Akamsomesha herufi ukutani, akamwonyesha taa ndogo juu na chini, kulia na kushoto, akaandika kwa muda mrefu. Halafu akamtilia matone ya kupanua mboni na kumwambia akakae nje nusu saa, afumbe macho, dawa ifanye kazi.

Benchi lilikuwa na watu saba, wote wametiliwa matone, wote wamefumba macho, wamepangana kama kwaya inayosubiri noti. Wachuka alikuwa ameenda kupanga foleni ya kadi. Ngatia akaegemeza kichwa ukutani. Dakika ya tatu, akaondoka duniani.

Yaliyotokea baadaye aliyajua kwa kusimuliwa, na kwa kuwa waliomsimulia walikuwa saba na simulizi ilikuwa moja, haikuwa rahisi kuikataa. Kwanza alikoroma. Benchi lilitetemeka, na mama mmoja wa Endarasha akauliza nani ameleta trekta ndani. Watu wakacheka. Halafu mkoromo ukakatika katikati, kama redio iliyochomolewa, na hakukuwa na sauti yoyote. Watu ambao hawaoni husikia vizuri. Walisikia kwamba hapumui. Mama wa Endarasha akaanza kuhesabu bila kuambiwa na mtu. Alipofika ishirini wengine walikuwa wamejiunga. Walifika ishirini na sita. Ngatia akashtuka kwa mlio wa ng'ombe anayetolewa matopeni, akavuta hewa, akaendelea na safari. Baada ya nusu dakika pumzi ikasimama tena. Thelathini na moja. Mara ya tatu, kwenye thelathini na nne, Mzee Shakir, mwuza viatu wa hapo mjini, aliinua viganja na kuanza "Inna lillahi", na alikuwa amefika katikati pale marehemu alipokohoa. Akaiachia hapo, akasema ataimalizia wakati wake ukifika.

Kelele za kuhesabu zilimtoa Hanan ofisini. Hakumwamsha. Alirudi ndani, akatoka na kile kibanio cha kupima oksijeni ambacho kila mtu alikifahamu mwaka wa korona, akakibana kwenye kidole cha Ngatia, akachuchumaa. Wachuka, aliyekuwa amerudi na kadi, akasimama nyuma yake akisoma tarakimu kwa sauti ya muuguzi, wale saba wapate kufuatilia. Tisini na nne. Ngatia akaacha kupumua. Tisini. Themanini na tano. Sabini na tisa. Sabini na nne. Mshtuko, mkoromo, tarakimu zikaanza kupanda kama mtu anayepanda ngazi na gunia.

Wakamwamsha. Ngatia akafungua macho yaliyopanuka mboni, akaona mwanga mwingi na vivuli tisa vimemwinamia.

"Sikuwa nimelala," akasema.

"Hata sisi tulidhani hivyo, baba," mama wa Endarasha akamjibu. "Tulidhani umekufa."

Ndani, Hanan alimulika nyuma ya macho yote mawili, moja baada ya jingine, akarudia la kushoto mara mbili. Kisha akazima taa yake na kukaa. Alikuwa na tabia ya kutopamba habari.

Alimweleza kwamba nyuma ya jicho kuna kitambaa chembamba kuliko karatasi ya sigara, kinaitwa retina, na kimejaa seli za neva. Seli hizo zinakula oksijeni kuliko karibu kitu kingine chochote mwilini, na hazina stoo. Zinakula kile damu inacholeta dakika hiyo. Kila seli ina mkia mrefu, na mikia yote, zaidi ya milioni, inapita kwenye tundu moja kuelekea kwenye ubongo. Hewa ikipungua, seli inakosa nguvu ya kusukuma chumvi na maji nje, inavimba. Mikia inavimba humo tunduni, inabanana, inaminya hata mishipa midogo ya damu inayoilisha, na kadiri inavyominya ndivyo inavyozidi kukosa. Mwishowe zile zilizo katikati ya msongamano zinakufa.

Ngatia alilielewa jambo hilo mara moja, kwa kuwa aliwahi kuona mlango wa kiwanda cha kahawa siku ya mavuno, wakulima mia tatu na magunia yao, mlango mmoja. Akauliza kwa nini basi chini ndiko kumepotea na juu kumebaki. Hanan akasema picha huingia jichoni kichwa chini. Neva zilizokufa ni za nusu ya juu, na hizo ndizo zilikuwa zikiangalia chini. Ngatia akakaa na habari hiyo. Miaka yote hiyo mbuzi wamekuwa wakimwingia miguu juu, na hakuna aliyemwambia.

"Sawa, daktari," akasema. "Sasa hizo zimekufa zitamea lini?"

"Hazimei, mzee."

Wachuka akamshika mumewe mkono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya mbele ya watu tangu harusi ya Anita.

"Sikia basi iliyobaki," Hanan akaendelea, sauti imeshuka kidogo. "Siwezi kukuapia kwamba ni usingizi peke yake. Una presha, na dawa ya presha unaimeza ukienda kulala, inashusha presha usiku wakati mbaya. Hiyo tutamwuliza daktari wako akuhamishie asubuhi. Lakini unanyongwa usiku kucha na hakuna anayekunyonga. Na hili jicho la kushoto, tundu lake ni dogo vilevile kama la mwenzake. Ndilo umebaki nalo zima. Mimi ningelala kwa adabu."

Walimpima usingizi kwa mashine ya kubeba nyumbani. Pumzi ilikatika mara arobaini na moja kwa saa. Anita na mumewe wakamletea kutoka Nairobi mashine ya kusukuma hewa, kisanduku cha ukubwa wa redio, na mpira mrefu unaoishia kwenye maski ya pua yenye mikanda ya kufunga kisogoni. Ngatia alipojitazama nayo kwenye kile kioo kipya, alijiona kama tembo aliyefungwa hatamu. Lakini aliivaa. Wiki ya pili aliamka asubuhi akiwa amelala kweli, jambo alilokuwa amelisahau, akashangaa ndege wa Mukurweini walivyo na kelele. Wachuka akagundua kwamba jua la asubuhi linaingia vizuri hata chumba cha zamani.

Tatizo lilikuwa Jumamosi, au tuseme Ijumaa. Mbuzi wa ngurario huchinjwa alfajiri, kwa hiyo mkataji anayetoka mbali hufika jana yake na kulazwa chumba kimoja na wazee wengine, wa pande zote mbili. Kuvaa maski mbele ya Wachuka ni ndoa. Kuivaa mbele ya wazee wa watu, wanaokuheshimu kwa hekima yako na macho yako, ni jambo jingine. Wangeuliza ni ya nini. Jibu lingefika kwenye jicho, na kutoka kwenye jicho ni hatua moja tu mpaka kwenye masikio ya Murang'a. Ngatia akaipima hesabu hiyo, na safari ya Othaya akaiacha mashine nyumbani, chini ya kitanda, akimwambia Wachuka ameibeba.

Huko Othaya aliamka gizani.

Alikuwa amelala chali. Alisikia jogoo, alisikia vikombe vikigongana jikoni, kwa hiyo kulikuwa kumekucha. Akafungua macho. Giza. Akayafumba, akayafungua tena. Lilikuwa lilelile. Hakupiga kelele. Alilala pale ameshika ukingo wa godoro, akamwona Hanan akisema ndilo umebaki nalo zima, na akaanza kuyaaga mambo kimoyomoyo, yale aliyoyaona mara ya mwisho bila kuyaangalia: uso wa Wachuka akimkabidhi mkoba mlangoni, mlima asubuhi ukiwa hauna mawingu, rangi ya ngozi ya mbuzi waliofungwa uani jana. Akasali. Aliahidi vitu vingi, vingine vigumu kutekelezwa.

Kisha mtu akalivuta giza usoni pake na kulivaa. Lilikuwa koti. Wazee wa Othaya, walioshindwa kulala kwa mkoromo wake, walikuwa wamekubaliana kwa kura kumfunika kichwa kwa koti zito la mmoja wao, na mwenye koti sasa alikuwa anaenda kukamua. Mwanga ukamwingia Ngatia kwenye jicho la kushoto, wote, juu mpaka chini. Aliona dari. Aliona buibui. Akakaa kitako akatazama miguu yake mwenyewe ndani ya soksi, kwa upendo ambao soksi haijapata kupewa.

Alimwambia Wachuka ukweli siku hiyohiyo. Wachuka hakumgombeza. Aliuliza tu lile koti lilikuwa zito kiasi gani, halafu akaenda chumbani akaitoa mashine chini ya kitanda, akaifuta vumbi.

Ijumaa iliyofuata alikuwa Endarasha, kule Kieni, ambako baridi huingia ndani bila kubisha. Wazee watano waliwekwa sebuleni, magodoro chini, jiko la makaa likatolewa nje mapema kwa ajili ya hewa. Giza lilikuwa ndiyo kwanza limeingia, chai ya mwisho ilikuwa inanywewa. Mmoja wa wale watano, aliyealikwa na upande wa pili, alikuwa Kinuthia wa Murang'a.

Ngatia alimwangalia Kinuthia. Kwa miaka kumi mtu huyo alitaka kitu kimoja tu, na sasa angekabidhiwa akiwa amekaa, na chai mkononi. Ngatia akaweka kikombe chini, baada ya kupapasa sakafu kwa kidole. Akauliza soketi iko wapi.

Alipotoa kisanduku, mpira na mikanda, mazungumzo ya bei ya viazi yalikufa. Alichomeka. Taa ya kijani ikawaka. Akaona ni afadhali amalize mara moja, kama mtu anayeng'oa jino.

"Wazee wenzangu, mimi niko na shida," akasema. "Nikilala pumzi inakatika. Imeniulia nusu ya hili jicho. Chini sioni. Bila hii mashine hata hili lingine litaenda, na mimi nalitaka. Na kwa vile tuko pamoja, Kinuthia uko hapa, wacha niseme. Yale masikio ya Murang'a, sikuyaona. Nilidhani ni mbavu."

Mzee mmoja alivuta blanketi magotini. Kinuthia alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inasogea kidogo, kama anayejumlisha. Ngatia akangoja hukumu, na akagundua kwamba haimwogopeshi sana. Ameshafunikwa koti Othaya.

Kinuthia akainua uso. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Mmemsikia?" akawauliza wenzake polepole. "Mtu amepewa jina kutoka hapa mpaka Nanyuki. Na anasimama mbele yetu anasema, sikuona."

"Ndiyo, sikuona," Ngatia akasema.

"Ni nani kati yetu anaweza kusema hivyo? Mutahi anaweza? Mimi naweza?"

"Kinuthia, nakuambia ni upofu. Nimepimwa Nyeri. Kuna karatasi."

"Ni upofu, ndiyo," Kinuthia akakubali kwa huzuni. "Sisi wote."

Mzee wa blanketi akavua kofia. Mwingine, aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na ndugu yake, akatoka nje na simu. Ngatia akajaribu mara ya tatu, akataja chumvi, maji na tundu, na akaona kwamba kila alichokitaja kilikuwa kinapokelewa na kuhifadhiwa kwa matumizi mengine. Akaachana nao. Saa ilikuwa imefika, alfajiri kulikuwa na mbuzi wanne, na alikuwa na jicho la kulinda.

Akalala kwa ubavu kama alivyofundishwa, akafunga mikanda kisogoni, akabonyeza. Hewa ikaingia, baridi na tulivu. Jambo la mwisho aliloliona, kwa jicho la kushoto na bila kukosa hata sehemu moja, lilikuwa kidole cha Kinuthia kikiufuata ule mpira kutoka kwenye kisanduku mpaka puani, kikisimama kwenye kila kona, huku akiwaeleza wengine maana yake.